Ukiona Vyaelea: Mwongozo wa Kuwafundisha Wanafunzi Kuchambua Habari na Propaganda

"Ile hela nitumie kwenye namba hii."

Kipindi cha kwanza nauandika ujumbe huo ubaoni bila neno la utangulizi, kisha nakwenda kusimama nyuma ya darasa. Wanafunzi wanacheka. Meseji hiyo wanaijua, na wengi wana hadithi ya shangazi au mjomba aliyetuma. Nikiuliza nani kaandika, wanajibu kwa pamoja: tapeli! Jibu ni sahihi, ila halifundishi kitu. Linalofundisha ni swali la pili: tapeli huyu ameuundaje ujumbe wake hata ukamnasa mtu mzima mwenye akili timamu?

Hapo kelele zinakwisha. Baada ya dakika chache mmoja anaona kwamba hakuna salamu. Mwingine anaona kwamba hakuna jina. Halafu, mara nyingi kutoka dawati la nyuma kabisa, mtu analitaja neno "ile". Hakuandika "hela", kaandika "ile hela": hela tunayoifahamu mimi na wewe, tuliyokwisha kuizungumza. Mzazi aliyepanga kumtumia mwanawe ada wiki hiyo hahitaji kushawishiwa zaidi. Na tapeli hana haja ya kumjua mzazi huyo. Anatuma kwa wengi, anangoja wawili watatu.

Nusu kipindi kwa neno moja, na sioni kuwa ni muda uliopotea. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya zoezi hilo na juu ya methali moja: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini. Vyombo vya habari navyo vinaelea.

Kosa nililoanza nalo

Mara ya kwanza nilifundisha somo hili kama msako wa uongo. Kila wiki naleta habari, wanafunzi wanasema kweli au si kweli. Wakawa hodari kwa kasi iliyonitisha. Tangazo la chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018 ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, wakalitupa. Uvumi kwamba chanjo hiyohiyo inaharibu kizazi wakautupa pia, kapu lilelile. Mwisho wa muhula binti mmoja aliniambia kwa fahari kwamba siku hizi haamini chochote anachokisoma.

Sikulala vizuri siku ile. Asiyeamini chochote ni rahisi kuliko wote kupelekwa: ukishamnyang'anya mtu ushahidi, anabaki na kumfuata anayempenda.

Kwa hiyo katika wiki sita za mwanzo piga marufuku swali la "kweli au uongo?" Swali liwe: imeundwaje, na nani, ili iweje? Ujumbe wa kweli nao umeundwa. Bango la chanjo limechagua picha ya binti anayetabasamu badala ya picha ya sindano, na uchaguzi huo hauufanyi ujumbe kuwa uongo. Kila unapoleta kitu cha kutilia shaka, leta na kitu kinachostahili kuaminiwa, kisha vyote viwili vipite kwenye maswali yaleyale.

Maandalizi

Huhitaji kompyuta, na kwa kuwa shule nyingi haziruhusu simu, somo zima linaweza kwenda kwa karatasi. Waombe wauza maandazi na wenye maduka magazeti ya kufungia. Tafuta mkasi, gundi, karatasi za manila, maboksi, na kanga nne au tano. Vipindi pacha mara moja kwa wiki kwa wiki nane vinatosha. Mimi navichomeka kwenye ufahamu na utungaji wa Kiswahili. Mwenzangu wa Historia na Uraia huchukua wiki ya tano na ya sita. Darasa la wanafunzi 70 ligawe makundi kumi na kila kundi liwe na mwandishi wake.

Mwonyeshe mkuu wa shule mpango wako kabla ya kuanza, kwa maandishi. Darasani wamo watoto wa viongozi wa vyama tofauti, na mzazi akisikia nusu ya jambo atakuja na nusu hiyohiyo. Vyama vya siasa vya leo visiguswe hadi wiki ya saba. Chama chako wewe mwalimu kisijulikane kabisa.

Hatua ya kwanza: kanga

Tandika mezani kanga yenye maneno "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mume akimletea mkewe kutoka safari, maneno hayo yana maana gani? Jirani akijifunga asubuhi ya siku mliyogombania bomba la maji? Bibi akimpa bi harusi? Na je, kama zimegawiwa bure kwenye mkutano wa kampeni?

Maandishi ni yaleyale, ujumbe ni minne. Watoto wa Kiswahili wanakuja darasani tayari wanaijua elimu hii, kwa sababu wamekulia kwenye vijembe, mafumbo na mipasho. Wanajua kuwa anayeambiwa si lazima awe ndiye aliyekusudiwa asikie. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba ujuzi walionao uani unafaa pia mbele ya televisheni.

Hapo bandika ukutani maswali matano, yakae hapo muhula mzima. Nani anasema? Anamwambia nani, na nani amekusudiwa asikie? Nani kalipia? Anataka nifanye nini? Nini hakikusemwa? Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo lenye faida kubwa. Usikubali jibu la haraka.

Hatua ya pili: mechi na vitenzi

Mpira ni uwanja salama wa kufundishia siasa. Andika ubaoni mambo mawili ambayo hayana ubishi: tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5–0, tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5–1. Waambie mashabiki wa kila upande waandike habari ya mistari mitano juu ya watani wa jadi, kwa sharti moja: uongo hauruhusiwi. Kisha wabadilishane karatasi.

Kelele zitakuwepo, zivumilie. Zikitulia uliza: nani amedanganya? Hakuna. Shabiki wa Simba hakuwahi kusikia habari ya 2023, wa Yanga alizaliwa baada ya 2012. Kundi moja liliupa mtindo huu jina la "kuchagua mchele": unaondoa usichotaka kionekane, unabaki na punje nzuri, na kila punje iliyobaki ni mchele kweli. Jina limebaki, nami nalitumia hadi leo.

Sasa waingize kwenye vichwa vya habari, na hapa usiharakishe, kwa sababu hapa Kiswahili chenyewe ndicho chombo. Chukua kauli moja ya kocha aliyefungwa na uiandike mara nne: kocha asema, kocha akiri, kocha adai, kocha ajitetea. "Akiri" imeshamtia hatiani kabla hujasoma habari. "Adai" imeshamtilia shaka. Mhariri hajaongeza habari yoyote, amebadilisha kitenzi tu.

Halafu fufua somo ambalo wanafunzi wanalikariri bila kujua lina meno: kauli za kutenda, kutendwa na kutendeka. "Mhasibu ameiba fedha za halmashauri." "Fedha za halmashauri zimeibwa." "Fedha za halmashauri zimepotea." Katika sentensi ya kwanza yupo mtu. Katika ya pili mtu ametoweka lakini kosa lipo. Katika ya tatu hata kosa limetoweka; fedha zimeondoka zenyewe, kama mbuzi aliyekata kamba. Wape magazeti ya wiki nzima wawinde vichwa vya aina hii: nyumba zabomoka, umeme wakatika, dawa zaisha hospitali. Kwa kila kimoja waandike nani angetajwa kama sentensi ingekuwa ya kutenda. Zoezi hili limewafundisha wanafunzi wangu sarufi kuliko mitihani yangu yote, na nasema hivyo kwa majuto kidogo.

Hatua ya tatu: bango la mganga

Karibu na vituo vingi vya daladala kuna nguzo yenye tangazo: mganga kutoka mbali, hurudisha mpenzi aliyepotea, mvuto wa biashara, hufaulisha mitihani, lipa ukishafanikiwa. Waache wanafunzi waliige kwa kulitunga la kwao, kisha walichambue.

Mbinu zilizomo humo zilishaorodheshwa. Mwaka 1937 wasomi na walimu wa New York waliunda taasisi ya kuchambua propaganda, wakataja mbinu saba ambazo bado zinafundishwa. Majina yao ya Kiingereza usiyafundishe. Waache wanafunzi wavipe vitu majina. Kwangu yalitoka hivi: kupaka matope ni kumbandika mtu jina baya ili asisikilizwe, maneno ya asali ni "maendeleo", "uzalendo", "ukombozi" bila kueleza vipi, kuazima heshima ni kujifunika bendera au dini, shahidi maarufu ni msanii anayetangaza asichokitumia, mimi mwenzenu ni mheshimiwa anayetwanga mahindi mbele ya kamera, kuchagua mchele tumeshaiona. Ya saba Kiswahili kilikuwa nayo zamani, nayo ni kufuata mkumbo.

Tahadhari: ukishawapa orodha, watabandika majina kwa kila kitu na kudhani wamechambua. Jina bila "na hapa imefanya kazi gani?" lisipewe alama.

Hatua ya nne: dirisha la boksi

Hii ni fupi na ya furaha. Kata tundu la mstatili kwenye boksi, mpe kila kiongozi wa kundi, watoke uani. Kundi moja litafute picha ya "shule inayopendeza", jingine "shule iliyotelekezwa", wakisimama sehemu ileile. Watapata zote mbili. Ukirudi darasani, leta picha ya mkutano wa hadhara uliojaa pomoni na uulize mpiga picha alisimama wapi, na pembeni mwa fremu palikuwa na nini.

Hatua ya tano: nduli

Hadi hapa propaganda imekuwa ya watu wengine. Sasa lete ya kwetu.

Andika ubaoni neno "nduli" na uwaambie wamalizie. Darasa zima, watoto waliozaliwa miongo mitatu baada ya vita, litasema: Idi Amin. Waulize nduli mwingine wanayemjua. Hawamjui. Neno limeshikamana na jina la mtu mmoja hadi limekuwa kama sehemu ya jina lake.

Wape historia kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na Novemba akatangaza kwamba eneo hilo ni la Uganda. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga, vyote vitatu tunavyo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wanafunzi wawaulize babu na bibi zao walisikia nini redioni, waliimba nini, walichanga nini. Majibu watakayoleta ni hazina, yaandikeni.

Kisha swali la kipindi: je, ile ilikuwa propaganda? Uvamizi ulikuwa wa kweli. Watu wa Kagera waliuawa na kuporwa kweli. Hata hivyo, utatu wa uwezo, sababu na nia umeundwa kwa ustadi, na neno "nduli" linafanya kazi ileile ya kumtoa adui kwenye kundi la watu wa kawaida. Kuna watakaosema propaganda ni uongo tu, kwa hiyo hapana. Wengine watasema propaganda ni namna ya kuwasukuma watu, iwe kwa kweli au kwa uongo. Mimi nipo upande wa pili, lakini darasani sisemi. Kipindi hiki kikiisha wakiwa bado wanabishana kuelekea bwenini, kimekwenda vizuri.

Ukiwa na wanafunzi wenye asili ya Uganda, au waliopoteza jamaa katika vita hiyo, zungumza nao kabla ya siku hiyo.

Hatua ya sita: redio ya Rwanda

Somo hili lina anwani Tanzania, kwa sababu hukumu yake ilisomwa Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ya RTLM, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hatia haikufutika.

Usianze na mauaji ya kimbari ya 1994, ambayo redio hiyo iliyachochea. Anza na muziki. RTLM ilipoingia hewani Julai 1993 ilipiga nyimbo za Kongo, watangazaji wake walitania na kuzungumza lugha ya mtaani, wakati redio ya taifa ilikuwa imevaa tai. Watu waliifungulia kwa sababu ilichangamsha. Waulize wanafunzi ni nani kati ya wachekeshaji wanaowafuata angeweza kuwaambia jambo zito siku moja nao wakalipokea wakiwa bado wanacheka.

Halafu ingia kwenye neno ambalo redio hiyo iliwaitia Watutsi: inyenzi, mende. Waulize mende anafanywaje nyumbani kwao. Hawatahitaji maelezo zaidi, na hapo darasa langu huwa linanyamaza kabisa.

Kisa cha kuchambua kwa maswali matano ni cha Bugesera, eneo mojawapo la Rwanda. Tarehe 3 Machi 1992, miaka miwili kabla ya mauaji ya kimbari, Radio Rwanda ilisoma mara kadhaa tamko lililodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu cha Nairobi, likionya kwamba Wahutu wa Bugesera watashambuliwa na Watutsi. Viongozi wa eneo wakalitumia kuwahimiza watu wawahi kushambulia kabla ya kushambuliwa. Watutsi wakauawa. Nani alisema? Kikundi kilicho nchi nyingine, ambacho mkulima wa Bugesera hana njia ya kukiuliza. Alitaka wafanye nini? Waogope, tena haraka. Wachunguzi baadaye walikuta Butare waraka wa mbinu uliofundisha jambo hili waziwazi: mshutumu adui yako kwa kile unachokusudia kumfanyia wewe. Waraka huo uliita mbinu hiyo shutuma ya kwenye kioo. Mwanafunzi akiondoka na hiyo moja tu, ameondoka na kitu.

Rekodi za matangazo yale usizicheze darasani. Maneno yatosha, na wapo watoto wa maziwa makuu ambao nyumbani kwao habari hii si historia.

Hatua ya saba: kukagua

Sasa, na sasa tu, rudisha swali la kweli au uongo. Anza kwa kuigombanisha methali na usemi. Methali inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi wa mtaani unasema akili za kuambiwa changanya na zako. Kipi kinamfaa zaidi anayesambaza sauti ya WhatsApp inayoanza na "nimetumiwa na rafiki yangu yupo wizarani"? Uvumi haukusubiri simu. Bibi zetu walikimbia mumiani bila intaneti.

Tabia ya kuwajengea ni moja: usibaki kwenye ukurasa ukiukodolea macho, toka nje yake uone wengine wanasemaje. Angalia tarehe, kwa maana habari nyingi za kupotosha ni za kweli zilizochakaa, mafuriko ya mwaka mwingine yaliyoletwa leo. Picha ipitishe kwenye Google Lens uone ilitokea wapi kwanza. Tafuta kama wakaguzi wa habari, yaani JamiiCheck, Nukta Fakti, PesaCheck au Africa Check, wameshaishughulikia. Kwa picha na sauti za akili mnemba, kuhesabu vidole hakusaidii tena. Rudi kwenye chanzo. Kama simu haziruhusiwi, wewe chapisha matokeo ya utafutaji wako nyumbani, pamoja na yale yaliyokupoteza njia.

Hatua ya nane: waunde wenyewe

Wape mada ya shule: wali uongezwe siku moja na makande yapungue, au hapana. Kila kundi lipewe taarifa zilezile kumi za bei, kuni na muda wa kupika, litengeneze bango la manila na tangazo la redio la nusu dakika. Kisha liandike aya moja ya siri: tumechagua nini, tumeficha nini, tumetumia mbinu gani. Darasa likisie kabla aya haijasomwa. Alama nyingi nazitoa kwa aya hiyo kuliko kwa bango.

Zoezi la mwisho kabisa ni la kwako. Wagawie karatasi zote ulizotumia tangu wiki ya kwanza, nao wakupitishe kwenye maswali matano yaliyopo ukutani. Mwaka jana kijana mmoja alinyoosha mkono akaniuliza kwa nini mifano yangu mingi ya mpira inaishia na ushindi wa timu moja. Nikamwambia si kweli. Akaniomba tuhesabu. Simba ilishinda mara mbili, Yanga mara saba.